Sindano ya Degedege

Jumanne, 14 Machi 2000

Yule mtoto wa jirani yetu Somoe kapona. Juzi alishikwa na degedege, mama yake akambeba moja kwa moja mpaka zahanati, akachomwa sindano. Leo nimemkuta anafukuza kuku uani kwetu.

Nikamuuliza mama mkwe, "Mama, si ulisema mwenye degedege akichomwa sindano anakufa?"

"Ndivyo tulivyokuta. Na watatu nimewaona kwa macho yangu."

"Walipelekwa zahanati lini?"

Akaendelea kumenya mihogo. "Baada ya mganga kushindwa. Siku ya tatu, ya nne."

Basi sindano iliwakuta wanakufa! Miaka yote hii sikuwahi kuuliza swali hilo moja.

Mwaka jana Hamisi wangu nilimfikisha zahanati. Muuguzi alipoandaa sindano nikamnyakua mtoto, nikasema, "Hutaniulia mwanangu," nikakimbia naye kwa mganga. Tulimzika Ijumaa.

Jioni nzima nimemchukia mama mkwe, hata chakula chake sikugusa. Lakini siku ile yeye alikuwa shamba, anaokota korosho. Pale zahanati nilikuwa peke yangu.