Disketi ya Tatu

Kakuma, Juni 1996

Binti yangu Nakaale,

Ejok? Hujambo huko? Mimi mzima, meno yote yapo.

Ile programu umetengeneza ya kutafuta watoto waliopotea nimefikisha, lakini disketi mbili tu. Ya tatu nilimpa binamu yako Epuyo apite nayo njia ya Lokitaung, na bado hajafika, vile tunagawanya mbuzi ili wezi wasipate zote. Mimi si mjinga.

Wal, fundi wa hapa kambini, aliingiza mbili, kompyuta ikadai ya tatu. Akacheka: "Mzee, hata zikiibwa, Nakaale ananakili zingine kwa kompyuta yake!"

Kumbe zinazaa bila dume? Mbona hukuniambia?

Achol, anayetafuta mwanawe, hakucheka. Ameketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Nimemwambia kosa ni la mashine. Zalisha ya tatu haraka, kabla hajaniuliza tena.

Baba yako,
Aukot