Jiwe la Kilo Tano

Nyumbani,
chumba cha nyuma ya duka,
Jumapili.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele. U mzima? Wifi hajambo? Na wanangu wanakula vizuri, au wanachaguachagua kama baba yao? Huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa. Baba anakohoa kidogo, na ukimwambia aende zahanati anakuuliza nani kakutuma.

Nami nina swali hilohilo kwako: kuna mtu umemtuma? Usinizungushe. Juzi alikuja bwana mmoja wa miwani, viatu vinang'aa kupita kiasi kwa mtu anayedai katembea kwa miguu. Hakununua hata kiberiti. Alikwenda moja kwa moja kwenye mizani ya Baba, akasema anakusanya vifaa vya vituo vya zamani vya kununulia pamba, eti kuna jumba la makumbusho ng'ambo linavitaka. Nani kamwambia tunayo? Huko ng'ambo anayeijua mizani hiyo ni wewe tu.

Baba alimpokea kwa bashasha. Akaanza hadithi yake ileile: babu yake alivyokuwa karani wa mizani wa kampuni, wakoloni walivyofungasha hadi vitasa vya milango walipoondoka, lakini mizani na mawe yake ya chuma wakamwachia yeye kwa uaminifu wake. Kifua kikamjaa. Unajua mtaa mzima unatuita Watu wa Mizani, na kilo ya duka letu inavyosifiwa.

Mimi nilikuwa namtazama mgeni. Aliinua lile jiwe la kilo tano, akalipindua, akachungulia chini yake, akatabasamu peke yake. Kisha akataja bei bila kuulizwa, tena nzuri. Mtu wa namna hiyo ana lake jambo. Nikamwambia arudi kesho.

Alipopinda kona tu, nami nikalipindua. Chini limezibwa kwa kitu cha rangi nyingine. Nikakwangua kwa kisu nikakuta madini ya risasi. Walilitoboa, wakamimina risasi, wakapaka rangi juu. Mawe mengine nayo ni hivyohivyo. Nikalifunga taulo nikalipeleka zahanati, nesi akaliweka kwenye mizani ya watoto wachanga.

"Mh, huyu wako kanenepa kweli," akasema. "Unamlisha nini?"

Jiwe la kilo tano lina kilo tano na nusu na ushei!

Nilicheka hadi nyumbani, halafu kicheko kikakatika. Hebu fikiria. Mkulima analeta pamba yake, anaongeza, anaongeza tena, ndipo mizani inakaa sawa, na analipwa kilo tano. Kisha mizani ikaja kwetu, na sisi si wanunuzi, ni wauzaji. Kwa mawe yaleyale, kila mteja wetu ameondoka na zaidi ya alicholipia, miaka yote hii. Kumbe ndiyo sifa yetu hiyo. Na ndiyo maana magunia yalikuwa yanaisha kabla ya hesabu, Baba akasema ghalani kuna mwenye mkono mrefu, na ufunguo ulikuwa kwako.

Utauliza wakaguzi wa serikali walikuwa wapi. Baba aliwatolea mawe mapya ya kabatini, asije mtu akagonga muhuri juu ya urithi wake.

Nilipomweleza, alisema umenihonga. Nilipomwonyesha risasi, alinipa mgongo akaanza kupanga upya viberiti. Najua kilichomuuma. Kama mwizi si wewe, basi ni babu yake, aliyewapimia majirani zake mwenyewe kwa mkono wake. Labda hakujua. Mimi siamini. Mtu abebe jiwe kila siku, miaka nenda rudi, asijue uzito wake? Na hata ile zawadi sasa naitilia shaka: alikuwa mwaminifu kwa nani?

Nimekasirika, mdogo wangu, na nimeona aibu. Jina la Watu wa Mizani nililiringia tangu shule. Leo mama mmoja kaniita hivyo barabarani, nikabaki najiuliza pamba ya bibi yake ilipunjwa kiasi gani. Na wewe umeishi ugenini na jina la mwizi kwa ajili ya kipande cha chuma.

Yule bwana alirudi jana asubuhi, akapandisha bei mara mbili. Baba akamwambia haiuzwi, akaingia ndani. Mara nikasikia kishindo uani. Nikamkuta amefungua lile kufuli la ghala alilotia siku uliyoondoka, amelitupa, na mlango ameuzuia kwa lile jiwe la kilo tano usijifunge.

Nikamuuliza, "Baba, ghala litalala wazi?"

"Kwani humu kuna mwizi?" akajibu, akaenda zake.

Nisalimie wifi na wanangu, waambie shangazi yao anawapenda. Mama anakuombea usiku na mchana. Mungu akufunike popote ulipo. Na kama yule bwana ulimtuma wewe, nitakugombeza ukifika.

Baba hajatuma salamu. Lakini ninapoandika hapa, mlango bado uko wazi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama siku zote.