Miguu Juu ya Miguu

Luzira, Kampala
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Mwadime,

Prosesa ya kompyuta yangu imekufa. Ilikufa Jumamosi ya wiki iliyopita, saa nane mchana, juu ya meza yangu ya kulia chakula, mikononi mwangu mwenyewe, na ilikuwa haijawahi kuwashwa hata mara moja. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Nikianza na salamu, utasoma salamu, utasema "Mghoi mzima," halafu utaiweka barua juu ya televisheni mpaka wateja waishe, na wateja wako hawaishi.

Sasa salamu. Hamjambo huko Voi? Goti la Mama linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta wa basi imefika, au kondakta anajichua mwenyewe? Wifi amepona kile kikohozi? Mimi mwili ni mzima. Mvua hapa imetushika. Nguo nilizofua Jumatatu nimezivaa leo kanisani zikiwa bado na ubaridi, na nyumba nzima inanuka kama gunia.

Kazini si pazuri. Unajua kazi yangu ni kusimama Port Bell meli ya mabehewa inapotia nanga, kuhesabu mizigo inayoshuka na kulinganisha na karatasi za tajiri. Siku hizi meli inakuja ikitaka. Tunakaa tu tunatazama maji. Karani mwenzangu, yule Akinyi wa Kisumu niliyekuwa nashiriki naye nyumba, amerudi kwao, akaniachia kitanda chake na sufuria isiyo na mkono. Kwa hiyo jioni nikitoka kazini namkuta Mghoi peke yake, na Mghoi hana habari mpya.

Ndiyo maana nilitaka ile kompyuta. Si ya kazi, si ya masomo. Ya kucheza. Wewe ndiye mtu pekee ambaye sikuhitaji kumweleza, au nilidhani hivyo. Tulikubaliana Jumapili jioni wewe uko kwenye banda lako la gemu Voi, mimi niko huku, tunacheza mpira kwa mtandao, kila mtu na rimoti yake. Nimekaa mwaka mzima nachagua vifaa kimoja kimoja, na sasa kuna jambo moja nataka unijibu, nalo linahusu ile mazabodi uliyoninunulia Mombasa, ule ubao unaobeba vifaa vyote. Nitalifikia. Kwanza nataka ujue nilivyochagua, usije ukasema dada yako alikurupuka.

Kadi ya grafiksi niliipata imetumika. Nilimwambia muuzaji aiwashe mbele yangu, nikakaa saa nzima kwenye kiti chake nikitazama kipimo cha joto. Akachoka. "Dada, kwani unaivulia samaki?" Nikamwambia nangoja nione kama itapita nyuzi sabini na tano. Haikupita, nikaibeba. Inakula wati mia na ishirini. Prosesa wati sitini na tano. Feni, diski na mengineyo niliyapa wati hamsini, nikiyapendelea. Jumla mia mbili thelathini na tano. Nikachukua pawa saplai ya wati mia tano na hamsini, kwa sababu umeme wa hapa unakuja kama mtu aliyekimbizwa, na nilitaka mashine iwe na kifua.

Kasha nilitengenezesha Katwe, kwa mafundi wa mabati, maana makasha ya dukani ni ya vioo na mimi naishi na paka wa jirani. Nilikwenda na vipimo vyangu. Kadi milimita mia mbili sabini, basi ndani kuwe mia tatu na kumi. Matundu ya feni mia na ishirini kila moja. Fundi, Mganda mmoja mwenye tumbo, akaitazama karatasi yangu.

"Nyabo, hii sanduku ya kuku?"

"Ya kompyuta."

"Ya kijana yako?"

"Yangu mimi."

"Aa, ya ofisi."

"Ya kucheza mpira."

Akaweka nyundo chini. "Banange! Munaona huyu mama? Muzima kabisa, anaenda kucheza mupira ndani ya sanduku!" Wenzake wote wakaacha kugonga. Mmoja akauliza kutoka nyuma, "Rakini akifunga bao, atatuita?"

Nikasema nikifungwa ndiyo nitawaita, waje walibebe sanduku lao. Walicheka, lakini walilitengeneza, na vipimo vimekaa sawasawa isipokuwa wameliwekea mkono juu kama wa sigiri, na lina kilo kumi na moja. Nilipanda nalo pikipiki mpaka Luzira nikilikumbatia kama bibi harusi.

Nakueleza haya uone kwamba kila kitu nilikipima. Kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho sikukipima kwa sababu ulikuwa umenijibu wewe.

Prosesa ziko za namna mbili, unajua kuliko mimi. Kuna yenye miguu, zile pini ndogo za dhahabu chini yake, zinazoingia kwenye matundu ya mazabodi. Na kuna isiyo na miguu, bapa chini, inayolala juu ya mazabodi ambayo yenyewe ndiyo iliyoota miguu. Hapa Kampala madukani husema kwa mkato tu, "ya miguu" au "bila miguu", wakimaanisha prosesa. Yangu ilikuwa ya miguu. Ulipokuwa Mombasa kununua rimoti za banda lako, ukaniambia umeona mazabodi nzuri, nikakupigia nikiwa gatini, meli imeingia, watu wanapiga kelele. Nikakuuliza, "Kaka, hiyo mazabodi ni ya miguu?"

Ukasema, "Ndiyo, ndiyo. Ina miguu, imejaa tele."

Mimi nikasikia kwamba inapokea prosesa ya miguu. Wewe ulikuwa unasema mazabodi yenyewe ina miguu. Hapo sikulaumu. Swali langu lilikuwa la Kampala na jibu lako lilikuwa la Mombasa, na katikati kulikuwa na makelele ya behewa. Mtu yeyote angepotea.

Siku ile ya Jumamosi nikatandika kitambaa mezani. Nikatoa mazabodi kwenye boksi, nikaondoa kile kifuniko cha plastiki, nikaona kunang'aa humo ndani. Dirisha langu linatazamana na ukuta, kaka, na ile miguu ni midogo kuliko ncha ya sindano. Nilidhani naona matundu yaliyopakwa dhahabu. Nikailaza prosesa. Haikuzama. Nikashusha kifuniko cha chuma, kikalia. Sasa, watu wote wanaofundisha kazi hii mtandaoni wanasema kifuniko kitalia, usiogope, kandamiza tu. Nikakandamiza. Kikalia zaidi. Nikasema mwoga hajengi kompyuta, nikakandamiza kwa kiganja.

Miguu juu ya miguu.

Nilipoifungua, prosesa ilikuwa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na kipofu. Ndipo nikachukua rula. Prosesa milimita arobaini kila upande. Kikalio cha mazabodi thelathini na saba na nusu. Milimita mbili na nusu! Mimi ambaye tajiri ananiita usiku wa manane nimwambie kama behewa limepungua gunia moja. Nilikaa kwenye kitanda cha Akinyi nikaitazama meza mpaka kukawa giza, wala sikupika.

Jumatatu nikavichukua vyote viwili, prosesa na mazabodi, nikapanda navyo Old Kampala kwa fundi mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, tunamwita Papa Riziki. Ana kioo cha kukuzia kama cha fundi saa. Prosesa aliishika kidogo tu akairudisha. "Hii, mama, tuiombee. Miguu imekatika, hakuna wa kuishonea." Mazabodi aliinamia muda mrefu. Miguu iliyolala aliisimamisha mmoja mmoja kwa kibano, huku anaimba nyimbo za kwaya puani. Halafu akaacha kuimba.

"Dada, hii mazabodi ulinunua wapi?"

"Kaka yangu alininunulia. Mpya."

"Mupya." Akanisogezea kioo. "Angalia hapa pembeni. Miguu tatu hazipo. Zile ulilaza wewe, ziko zinang'aa. Hizi tatu, pale zilikatikia ni peusi. Hii haiko ya juzi. Hii ilivunjika kitambo."

"Una hakika?"

"Mimi sikuwa pale, dada. Lakini chuma haidanganyi kama watu."

Basi nikapiga simu duka la Mombasa, namba iko kwenye risiti uliyoitia ndani ya boksi. Nikamweleza yule bwana yote, hata kwamba nimekandamiza kwa kiganja, maana sitaki kumsingizia mtu. Si mtu mbaya. Akasema, "Dada, kama ilitoka hapa imevunjika, nabadilisha. Kama ilitoka hapa nzima, hapo hatuelewani. Mwenyewe aliyenunua aje aniambie: alifungua, akaangalia, au alibeba tu? Siku ile duka lilijaa, mimi sikumbuki. Mwisho Jumamosi ya wiki ijayo."

Kwa hiyo yote yamerudi kwako, kaka. Nimekuandikia kwenye simu mara ngapi? Alama inaonyesha umesoma. Mara ya kwanza ulinijibu kwa picha ya kidole gumba. Mara ya pili ulinijibu, "Ndiyo ndiyo, nitaangalia." Na hiyo "ndiyo ndiyo" yako naijua tangu nikiwa na urefu wa meza.

Unakumbuka lile banda la gemu karibu na stesheni, kabla hujafungua la kwako? Ninyi wavulana mlikuwa mnacheza, mimi nimesimama ukutani na chaki, naandika magoli. Nilikuwa nauliza, "Kaka, zamu yangu imefika?" Nawe bila kugeuka, macho kwenye kioo, "Ndiyo ndiyo, baada ya hii." Baada ya hii ikaja nyingine. Sikuwahi kushika rimoti, Mwadime. Hata siku ile ulipofungwa saba bila na yule kijana wa Taveta, niliandika magoli yote saba na hukunipa hata dakika za kumalizia. Mkienda nyumbani mlikuwa mnamwambia Mama, "Mghoi amecheza na sisi."

Hesabu zote ninazozijua nilijifunzia kwenye ule ukuta, sikatai. Zimenilisha. Lakini kompyuta hii nilikuwa naijenga ili nisimwombe mtu zamu.

Prosesa sikudai. Hiyo imekwenda, nilikandamiza mwenyewe, na nitaanza upya, safari hii nitachukua isiyo na miguu ili ikae na mazabodi yako. Yaani bado nataka ile mazabodi, au ndugu yake nzima. Bado nataka Jumapili jioni. Ila nataka kujua nasimama wapi. Kama uliifungua dukani ukaiona nzima, basi kosa ni langu lote, Papa Riziki amekosea, na hutanisikia nikilitaja tena. Usiende Mombasa. Kama hukuifungua, nenda Mombasa, umwambie yule bwana hivyo hivyo, akubadilishie. Vyovyote vile sitagomba. Kinachonitesa ni lile neno "imejaa tele". Mtu anasemaje imejaa tele kuhusu kitu ambacho hajakiona?

Msalimie Mama, mwambie goti asilipigishe magoti ya maombi marefu, Mungu anasikia hata aliyekaa. Msalimie wifi, na Shangazi wa Mwatate akija sokoni. Msalimie Mjomba aliyeniuzia ile saa isiyotembea. Na msalimie binti yako, wajina wangu, Mghoi mdogo. Nasikia siku hizi anashinda bandani kwako baada ya shule. Mwulize kama zamu yake imefika, halafu ungoje ajibu yeye.

Sasa swali. Mazabodi nimekurudishia kwa basi, na barua hii nimeilaza chini yake, ndani ya boksi, ndani ya mfuko wake wa rangi ya fedha. Kwa hiyo ili usome mstari huu imebidi ufungue boksi, uitoe, uishike mkononi. Kifuniko cha plastiki kiko juu yake. Kiondoe. Isogeze dirishani. Pembeni, upande wa kushoto, angalia.

Hii ni mara yako ya pili kuitazama, au ya kwanza?

Nataka neno moja, ya pili au ya kwanza, kwa sauti yako, si kidole gumba wala ndiyo ndiyo, kabla ya Ijumaa saa sita mchana, ili kama ni ya kwanza uwahi basi la Mombasa.

Dada yako,
Mghoi