Sheria ya Kuita Mara Mbili

Alhamisi, 23 Januari 2025

Mazoezi alasiri. Tulimwangusha Mlinzi wa Lango, lakini tulikufa wote kwanza, kwa kosa la Mwansa. Yeye ndiye ngao yetu: husimama mbele ya jitu na kupokea mapigo ili sisi wengine tupige. Leo alikimbia kabla sijatoa amri. Nikamwambia ngao haikimbii, ngao inasimama. Eti amesimama gereji tangu asubuhi, miguu imechoka! Wakacheka. Sikucheka.

Wananiita Prefe. Niliongoza shule ya sekondari hadi kustaafu, na cheo kimenifuata hadi ndani ya mchezo wa kompyuta. Kabla ya kila pambano ninaita majina, kama zamani uwanjani bendera ikipanda. Ninaita mara mbili. Asiyeitika mara ya pili, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Vikosi vingine vya Lubumbashi vilitucheka kwa jambo hilo. Vyote vimeshatolewa katika mashindano, na sisi bado tumo.

Mwepesi zaidi wa kuitika ni Deborah, mponyaji wetu. Yuko Goma. Ni mdogo wake Jérémie, mfanyabiashara wa jumla mwenye depo katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, naye ndiye mpiga mishale wetu. Deborah akishaitika hupita kwa kila mmoja na kumwangazia mwanga wa fimbo yake, hata kama hakuna aliyejeruhiwa. Huanza nami, kwa sababu ya umri. Mchezo haudai jambo hilo. Ni adabu yake tu.

Nilimuuliza habari za vita. Iko mbali, Papa Prefe, iko kule Sake! Akacheka.

Jumamosi, 25 Januari

Robo fainali. Tumeshinda!

Deborah alicheza kwa simu, amelala sakafuni, kwa laini ya Rwanda, ambayo watu wa mpakani huipata hata ya kwetu ikizimika. Katikati ya pambano maikrofoni yake ilileta mishindo, mmoja baada ya mwingine. Kaka yake akawa anauliza, Debo, ni nini? Debo, ni nini? Mpango ukaanza kuharibika. Nikamwamuru Deborah azime maikrofoni. Akazima. Aliponya hadi mwisho, hakukosea hata mara moja.

Jumatatu, 27 Januari

Goma imeanguka. Redio inasema hivi, jirani anasema vile, lakini imeanguka.

Mazoezi yalikuwapo. Niliita majina kama kawaida. Mwansa yupo. Jérémie yupo — sauti kavu, depo ameifunga. Deborah. Deborah.

Niliahirisha mazoezi.

Jumanne, 28 Januari

Jérémie anapiga simu tangu jana. Haiiti.

Alhamisi, 30 Januari

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kusajili majina ya nusu fainali. Wanne, si zaidi. Mwansa alisema, Papa, tumuweke Gradi, ule naye anajua kuponya, tutafanya namna gani? Gradi ni kijana mtulivu wa Makomeno hapa hapa, mitaa miwili kutoka kwangu. Amefanya mazoezi nasi mara nyingi kama akiba.

Nilimtoa Deborah, nikamwandika Gradi.

Jérémie aliuliza polepole: Papa, unamutosha mudogo yangu mu kikosi? Nikamjibu kwamba sheria haimtazami mtu usoni. Nilimwita Jumatatu, nikamwita jana. Nikasema pia kwamba akirudi atakuta nafasi. Kisha akasema, sawa, Prefe. Siku zote huniita Papa.

Jumamosi, 1 Februari

Nusu fainali, ushindi. Gradi ameponya vizuri. Kabla ya kuanza hakuna aliyetuangazia. Gradi hana desturi hiyo, na sikumwomba. Fainali ni Jumamosi ijayo.

Mke wangu Virginie aliniuliza jioni mbona nimeshinda na nina uso wa msiba. Nikamwambia aache maswali. Nilikosea kusema hivyo.

Jumatatu, 3 Februari

Jérémie amekuja nyumbani. Hakutaka kuketi. Alisimama sebuleni na funguo za gari mkononi.

Deborah yu hai! Jirani yake aliyevuka mpaka amempigia Jérémie simu kutoka Gisenyi. Ijumaa walikuwa pamoja katika nyumba ya mchungaji wao. Simu haipiti, sauti haipiti, lakini alikuwa ameona kwamba maneno mafupi ndani ya mchezo yanapita. Basi tangu Jumatano alikuwa anatuandikia katika kambi ya kikosi, chumba chetu ndani ya mchezo: anaomba kaka yake amwambie afanye nini. Watu wa kanisa wanajiandaa kwenda Bukavu, wanataka aende nao. Aende? Avuke Gisenyi? Abaki?

Jumatano hakuna aliyeingia kambini kusoma. Majina niliyaita kwa simu, na hatukucheza. Alhamisi mlango ukafungwa mbele yake. Kwa maana mtu akitolewa kikosini, mchezo unamfungia kambi na kufuta maneno yake. Sikulijua hilo. Au nililijua kama ninavyojua mambo mengi — bila kuyafikiria.

Jirani anasema Deborah alimwonyesha simu na kumuuliza: Bananikasirikia?

Jérémie amekwisha kupata mtu wa Gisenyi wa kumpokea. Hataki aende Bukavu. Madereva wake wanamwambia vita vinashuka kuelekea huko. Jibu liko tayari. Ni maneno machache. Hakuna pa kuyaweka. Jirani mwenyewe hawezi kurudi.

Nilimwambia Jérémie nitamrudisha Deborah kikosini leo hii. Akasema, ndiyo, Papa. Kisha akaketi, akalia. Virginie akamletea maji.

Jumanne, 4 Februari

Si rahisi kama nilivyodhani. Orodha ya fainali ina nafasi nne na zote zimejaa. Ili kumwalika Deborah, lazima Gradi atoke. Gradi akitoka, harudi tena kabla ya fainali. Na mwaliko hauna nguvu mpaka Deborah mwenyewe aingie na kuukubali. Asipoingia, hatuna mponyaji, hatuna wanne, tumeshindwa bila kucheza.

Niliwaeleza wote. Mwansa akalipuka. Final ni final, Papa! Tunafanya mwaka muzima! Na ule mutoto, samahani, labda alishakufa.

Jérémie alikuwa akisikia. Wewe Mwansa, alisema, kama ingekuwa mudogo yako? Mwansa akajibu kwamba mudogo yake iko Lukafu analima mihogo, haiko kule kwa vita. Na ninyi batu ba Kivu, akaongeza, kila siku munatuletea matatizo yenu.

Nilimkatiza. Nilimwambia kwamba katika kikosi changu sentensi hiyo haitasemwa tena, ama atafute kikosi kingine. Sauti ilinipanda kuliko nilivyotaka. Mwansa akatoka bila kuaga.

Ijumaa, 7 Februari

Nimechelewa siku nne. Nilitafuta njia nyingine: niliwaandikia waandaaji, nikamwandikia Deborah kila mahali anapoweza kusoma. Hakuna jibu. Nilikuwa naitafuta njia ya kumwokoa bila kuipoteza fainali. Niandike hivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Gradi kwa miguu. Jambo kama hili haliandikwi kwenye simu. Alikuwa akifua mashati. Akasema, Papa Prefe, hakuna shida, hata mimi nisingelala.

Nimemtoa. Nimetuma mwaliko. Kando ya jina la Deborah pameandikwa: unasubiriwa.

Jumamosi, 8 Februari, alasiri

Umeme umekatika. Nilipokwenda kuwasha groupe, jenereta yetu, nilikuta Virginie ameshachomoa friji ili nguvu itoshe. Nikamwambia samaki wataharibika. Basi tutakula samaki wote leo, alisema, waite watoto wako wa kikosi. Kwa kawaida groupe ni ya friji, na vita vyangu vinangoja.

Ninaandika haya mkono mmoja ukiwa kwenye kibodi. Jérémie yupo. Gradi yupo, anasikiliza tu, amekataa kuondoka. Mwansa — sikumtegemea — ameingia sasa hivi. Ametamka jina langu, kisha la Jérémie, kwa heshima ya kaka mkubwa: Yaya Jérémie, unisamehe, kinywa yangu iko na mafuta ya gereji. Jérémie amesema, tuko pamoja.

Saa ya waandaaji inashuka kwenye skrini. Nafasi ya nne ni tupu.

Bado tupu.

Taa ya kijani! Mwaliko umekubaliwa! Deborah amesimama mlangoni mwa kambi. Fimbo chini. Hasogei.

Jérémie anapiga kelele hadi kaske kichwani inakwaruza masikio yangu: Debo! Usiende Bukavu! Vuka, Debo, kuko mutu anakungojea! Hakuna sauti inayorudi. Nimeyaandika maneno yake kambini, kwa herufi kubwa, mara tatu. Hakuna alama kwamba yamesomwa. Mwansa amenong'ona: labda ni mutu mwingine eko na simu yake.

Kitufe cha kuanza kinawaka. Tuko wanne, tunaweza kuanza. Mwansa anajua, mimi najua: nikibonyeza, tunaingia uwanjani, na kambi inafungwa na maandishi yake yote hadi pambano liishe. Nisipobonyeza kabla ya saa kwisha, fainali ni ya wenzetu.

Waandaaji wanauliza: mko tayari?

Nimeita. Deborah.

Hasogei.

Nimeita mara ya pili. Jérémie ameacha kupumua, au amezima maikrofoni.

Kidole kiko juu ya kitufe. Saa imekwisha. Sikubonyeza. Skrini imeandika jina la kikosi kingine, kwa dhahabu. Nilitega sikio nimsikie Mwansa akitukana. Amesema tu: ita tena, Papa.

Nimeita mara ya tatu.

Fimbo imeinuka kidogo — au ni mtandao unaotetemeka. Mwanga bado. Ninaita tena.