Kiroba Chenye Mafundo ya Kilemba

Mwaka umetimia leo, mama yetu Cornelia, tangu ulipotutoka nyumbani kwetu Mwimbi, asubuhi ya tarehe kumi na tisa Januari, mbingu zikiwa kavu na sisi hatuna hata cha kuwapikia watu waliokuja kukulilia. Tunaoandika ni sisi wanao, Scola na Benjamini. Baba alitaka aandike mwenyewe. Alikaa na kalamu tangu asubuhi mpaka saa sita, akaturudishia karatasi ina jina lako tu.

Tuanze na mazuri, maana hukupenda watu wa kulialia. Ulikuwa ukichelewa misa kila Jumapili, na bado unapita katikati mpaka benchi la mbele, unasogeza watu kwa nyonga. Uliimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima, na si kwamba ulikuwa unapatia. Shambani hakuna aliyekuweza. Ulishamaliza kufukia nyasi kwenye matuta jirani akiwa bado anatafuta jembe, kisha unampigia kelele kutoka ng'ambo ya mto umuulize kama godoro limemshika miguu. Na ulisali, Mama. Ulisali ukipepeta, ukisonga ugali, ukimfukuza kuku. Ulimsemesha Mungu kwa Kifipa kama mtu aliyekaa kwenye kigoda chako jikoni.

Baba yeye alikuwa amegawa kazi. "Wewe sali, mimi nalima," alikuwa akikwambia, mnacheka wote wawili. Misa alikwenda na sadaka alitoa, lakini shida za nyumba ulizipeleka wewe kwa Mungu. Miaka thelathini na minne hakuona sababu ya kubadili mpango huo.

Kisha ukaja msimu ule. Mvua ilinyesha siku tatu mwezi wa kumi na moja, tukapanda mahindi yote, ikakata. Mahindi yakachomoza, yakanyauka, tukayang'oa kwa vidole. Krismasi tulikunywa uji. Kilichobaki ndani ni kiroba cha mbegu ya ulezi, kile ulichokipeleka kanisani siku ya kubariki mbegu. Ulikifunga mdomo kwa kipande cha kilemba chako cha kijani, mafundo matatu, ukakiweka darini juu ya jiko.

Baba alikuwa akikitazama kiroba kile kila anapoingia jikoni. Siku moja akashindwa.

"Mama Scola, kishushe. Watoto hawajala tangu jana."

"Si chetu tena, Baba Scola. Tumeshakiweka mikononi mwa Mungu. Mvua ikija tutapanda nini?"

"Huyo Mungu wako hali ulezi," Baba akasema. "Wanaokula ni wajukuu."

 Ulichukua sahani yako, ukawagawia wajukuu, ukatoka nje kusali. Ukafanya hivyo wiki mbili nzima, na sisi tulidhani umeshakula jikoni. Mungu atusamehe, na wewe utusamehe. Kichomi kilipokushika siku ya Jumatatu hakikukuta mwili wa kupambana nacho. Alhamisi ukaondoka, umeshika rozari, na Baba amekushika mguu.

Watu walikuja kutoka vijiji vyote vya jirani, wengine kutoka Sumbawanga mjini, hata wa Muze kule bondeni walipanda mlima wakaja. Unajua kwetu msiba ni ugali. Mtu akizikwa, waliomzika wakarudi makwao na njaa, jina lake linaandamwa mpaka wajukuu wanazeeka. Baba aliona heri afe yeye kuliko wewe usemwe. Akaingia jikoni, akakishusha kiroba, akakitua mbele ya rafiki yako Bertila, aliyekuwa akiongoza akina mama wa jumuiya kwenye mapishi.

"Saga chote," alimwambia.

"Chote, shemeji?"

"Chote. Wa kukigombea ndiye huyo amelala pale."

Watu wakala siku tatu. Wakasifu hata ugali wenyewe. Baba hakuonja. Alisema ana kiungulia, lakini sisi tuliona macho yake yanavyozifuata sahani, moja baada ya nyingine, mpaka zinaisha. Alikuwa akiangalia shamba lake likiliwa.

Jumatatu tukaanua matanga. Jumanne, kumekucha tu, ngurumo ikapiga upande wa Ziwa Rukwa, na mvua ikashuka. Mama, ilikuwa mvua kweli! Majirani walitoka nje na masufuria, wengine wanapiga vigelegele, wengine wanacheza kwenye tope na nguo zao za kulalia. Kwetu hakuna aliyecheza. Baba alitoka bila koti wala viatu, akalipita kaburi lako ambalo udongo wake ulikuwa bado laini, akaenda mpaka katikati ya matuta yako, akapiga magoti.

Benjamini alimfuata amrudishe, akamkuta anasema kwa sauti. Ametusimulia maneno yale neno kwa neno, na tunayaandika hapa kwa sababu Baba mwenyewe ameturuhusu.

"Mungu," alisema, "sauti yangu huijui. Aliyekuwa anaongea na wewe umeshamchukua. Nilisema huli ulezi. Haya, nimeusagisha mimi, nimewalisha watu. Sasa umeleta mvua na sina mbegu. Sina hata punje. Nifanye nini? Nifanye unavyotaka, ila wajukuu wa Cornelia usiwaue."

Benjamini akamshika kwapani. Baba akamsukuma. Akabaki akirudia lile la mwisho tu, usiwaue, usiwaue, maji yanamtiririka usoni, mpaka Benjamini naye akapiga magoti, maana hakuwa na lingine la kufanya.

Hapo ndipo Bertila alipotokea njiani, amejifunika nailoni, peku, amejitwika mzigo. Baba aliona kijani kabla hajamwona mtu.

"Shemeji, toka kwenye matope. Mvua haisubiri."

"Hicho nini, Bertila?"

"Kilemba cha mkeo hukijui? Mbegu iliyobarikiwa nani anasaga? Mimi mkono wangu haukuweza." Akakitua. "Siku ile ningekwambia ungekataa, ungeona aibu. Akina mama wa jumuiya tulitoa kila mtu bakuli lake, tukachanganya unga. Haya, simama upande."

 Baba alijaribu kufungua mafundo yako, akashindwa, akayafungua kwa meno. Baadaye ndipo tulipokuja kujua kwamba yale mabakuli yalitoka kwenye nyumba ambazo nazo zilikuwa zinakoroga uji mwepesi wa kuonea sura. Tulivuna, Mama. Hatukujaza ghala, lakini tulivuna, na wajukuu wako wote wapo.

Usidhani Baba amepoa. Anasali sasa, kila asubuhi, kwenye matuta palepale, na mara nyingi ni ugomvi mtupu. Anamuuliza Mungu kwa nini alikirudisha kiroba na hakukurudisha wewe. Hajajibiwa. Kesho yake anarudi, anauliza tena, kisha anataja majina ya wajukuu mmoja mmoja, anajipangusa magoti, anachukua jembe. Padre alipomuuliza kama amepata amani alisema amani hajaipata, ila ameona amesikilizwa, na asiyemjua Baba hawezi kuelewa jinsi neno hilo lilivyomtoka kwa shida.

Tungependa tukuandikie kwamba shida zimekwisha. Hazijakwisha. Mwaka huu mvua imefanya vilevile. Ilikuja, tukapanda mahindi, ikaondoka, na leo tuna wiki ya tano tunatazama juu. Tunaogopa, Mama, na hatuoni haya kusema. Kiroba kipo darini. Safari hii Baba mwenyewe alikipeleka kubarikiwa, akakifunga kwa kile kipande chako cha kijani, mafundo manne, mabaya, ungemcheka. Juzi mjukuu wako Angela alimvuta suruali akamwonyesha juu. "Babu, tushushe kile?" Baba alimbeba, akatoka naye mpaka kwenye matuta, wakapiga magoti wote wawili. Waliporudi, Baba alimpa Angela sahani yake mwenyewe. Scola akaona, akaenda kumkatia Baba nusu ya ugali wake, akamsimamia mpaka akamaliza. Kosa lile hatulirudii.

Kama huko uliko wanakupisha mpaka mbele ulivyozoea, Mama, pita hata kwa nyonga, utusemee.

Unakumbukwa na mumeo Alois, wanao Scola na Benjamini, mkweo Rosina, Angela na wajukuu wenzake watano, rafiki yako Bertila na akina mama wote wa jumuiya. Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili hii, na tumekubaliana wote tuchelewe kidogo.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Mama. Njaa ipo, na mbegu ipo.