Kona ya Punda

Mdogo wangu,

Hapa hatujambo. Mama kikohozi kimemwachia, na mlango wa jikoni nimeshautengeneza, maana siku hizi nashinda nyumbani.

Jana nilikwenda yadi kuchukua blanketi langu. Ndani ya lori moja, kile kifaa kipya cha kuonyesha njia kikasema: "Kona ya Punda, weka gia ya pili." Nilisimama kama nimepigwa kofi. Jina hilo nililitunga mimi, nikaliandika kwa penseli kwenye ramani yangu ya karatasi, ile uliyoiazima ukisema, "Safari moja tu, kaka." Kumbe ulimpelekea bosi! Wewe ukapewa lori jipya, mimi nikaambiwa nikapumzike. Na aliyekufundisha kushika usukani ni nani?

Sasa sikiliza. Daraja la reli karibu na kiwanda cha mbao sikuliandika, kwa sababu malori yetu ya zamani yalipita chini yake bila shida. Hilo lako limeinuka zaidi, litagonga. Kifaa kitakwambia unyooshe. Usinyooshe, pinda kushoto pale kiwandani.

Haya, na hilo nalo kampelekee bosi.

Kaka yako