Edina Alijisemea Mwenyewe

Alhamisi, Makambako.

Leo baridi imetuonea. Ukungu ulilala juu ya mji mpaka saa nne, na upepo wetu huu, ambao wageni huanza kuulaani wakishuka tu kwenye basi, umenichapa masikio tangu asubuhi. Lakini nimerudi nyumbani nina joto moyoni, na nisipoandika leo nitakuwa mchoyo wa shukrani.

Mafao ya Edina yamekubaliwa.

Nimeiandika sentensi hiyo kisha nikakaa kuitazama kama mtu anayetazama mvua ya kwanza.

Kwa ambao ni wageni hapa: Edina ni mke wangu. Alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda kimoja cha chai nje ya mji wa Njombe, enzi hizo tukiishi Mjimwema, palepale Njombe. Wakulima wanaleta majani mabichi, yeye anapima na kuandika. Walimpenda kwa sababu hakuwahi kumpunja mtu. Kisha ukaja ugonjwa. Daktari aliuita baipola. Mama yangu anauita ugonjwa wa kupanda na kushuka, na sijasikia jina lililo bora kuliko hilo. Akipanda, halali, anaongea mpaka sauti inakauka, anagawa vitu, ana mipango ya kujenga shule na kuchimba visima. Akishuka, hata jina lake ni mzigo kuitikia.

Kazi ikaisha. Tukahamia hapa Makambako, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba, nikahamishia karakana yangu ya useremala uani ili nikiwa napiga randa niwe namsikia. Binti yetu Lusia tulimpeleka Kichiwa kwa bibi yake, mama yake Edina. Sikuweza kumlinda mmoja, kumlea mwingine, na bado nikamaliza kitanda cha mteja. Huo ndio ukweli wenyewe. Lusia aliondoka amekumbatia begi lake la shule, hakulia, na kule kutolia kwake kuliniuma kuliko kama angelia.

Nilikuwa sijui kama kuna haki yoyote tunayoweza kudai. Nasema hivi kwa sababu najua wapo wengine wasiojua. Mimi nilidhani ulemavu ni mguu au jicho. Aliyenifungua macho ni Dada Subira, afisa ustawi wa jamii tuliyekutana naye hospitali siku tumefuata dawa tukakuta zimeisha.

"Kaka, mkeo alipokuwa kazini, alikuwa anakatwa mchango wa hifadhi ya jamii kwenye mshahara?"

Nikamwambia ndiyo, miaka yote.

"Sasa mnakaa kimya kwa nini? Ugonjwa ukimtoa mtu kazini asiweze kurudi, iwe ni wa mgongo au wa akili, ana haki ya kuomba pensheni ya ulemavu. Madaktari watampima, waamue."

Nilirudi nyumbani mbio mbio kama niliyeokota kitu. Nikamwambia Edina. Akaacha kuchagua mchele.

"Mlemavu nani?"

Alimaliza mchele wake, akapika, akanipakulia, wala hakunisemesha tena siku ile. Sikumlaumu. Huyu ni mtu aliyekuwa anatembea kutoka kwenye mizani mpaka ofisini huku wakulima wanamwamkia njia nzima. Leo mume anamletea neno kama lile, tena kwa furaha.

Dada Subira hakukata tamaa. Alikuja mwenyewe nyumbani, akavuta kigoda, akaanza kupukuchua mahindi pamoja na Edina kama jirani aliyepita kusalimia. Mimi nilikuwa nje, napiga msasa mahali ambapo palishalainika zamani.

"Mama Lusia, hii siyo sadaka," nikamsikia akisema. "Ni jasho lako. Umechangia kila mwezi. Hakuna anayekuhurumia hapa."

Edina akauliza, "Na nikipona je?"

"Ukipona ukaweza kazi, unasema, inasimama. Nani amekufunga?"

Nadhani lile swali ndilo lilikuwa linamkaba. Aliogopa kwamba akikubali neno lile, anakubali kuwa nalo mpaka kaburini.

Basi tukaanza safari. Sitawachosha na habari za njoo kesho, mhusika hayupo, mtandao uko chini. Kila Mtanzania anazijua. Niseme tu kwamba pale kiwandani msimamizi wake wa zamani alithibitisha kila alichoombwa bila kinyongo, na akatufungashia majani ya chai. Sikutegemea. Nilikwenda pale nimekunja ngumi moyoni, nikarudi na chai kwapani.

Kisha ikaja siku ya kukaa mbele ya madaktari, hospitali, Njombe. Ndiyo siku ninayotaka kuieleza, maana nimeshindwa kuiandika tangu ilipopita.

Edina alipiga pasi gauni lake la bluu. Alisuka nywele. Dawa zilikuwa zimemkaa vizuri, amelala, amekula, na nawaambia kweli, kati yetu wawili mimi ndiye niliyeonekana mgonjwa. Tulipoingia, mwenyekiti wa jopo, mama mtu mzima mwenye miwani, alimtazama akatabasamu.

"Naona mama uko vizuri tu."

Ndiyo shida ya ugonjwa huu. Hauna bandeji. Mtu anafika siku njema, amejipamba kwa heshima ya watu anaokwenda kuwaona, na ile heshima inageuka ushahidi dhidi yake.

Mwenyekiti akanigeukia. "Baba, tueleze. Mkeo ni kitu gani hasa hawezi kufanya?"

Kwenye basi nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na maneno. Lakini Edina alikuwa pembeni yangu, mikono juu ya mkoba wake, anatazama mbele, na maneno yale yote yalikuwa ni aibu zake. Utamweleza vipi mtu baki namna ulivyomkuta mkeo, naye mkeo anasikiliza? Nikasema huwa anachoka. Nikasema kuna wakati anakuwa mzito kidogo. Nikasema hapatani na kelele.

"Kuchoka tunachoka wote, mzee," akasema daktari mwingine, wala hakusema kwa ubaya. Akaanza kufunga jalada.

Hapo Edina akaniwekea mkono gotini.

"Baba Lusia, acha kunisitiri. Hawa ni madaktari." Akawageukia. "Naomba nijisemee mwenyewe."

Akawaeleza. Aliwaambia kwamba siku zake za mwisho kazini alikuwa anawaandikia wakulima kilo ambazo hawakuleta. Mtu ana kapu moja, yeye anamwandikia kama kaleta shehena. "Sikuwa naiba, Dokta. Niliona mwaka huu watu wote watakuwa matajiri na mimi ndiye niliyetumwa." Aliwaambia alivyogawa godoro letu, alivyotembea peku kwenye mvua kuanzia Njombe akiwa anakwenda kuonana na mkuu wa nchi, na namna watu wa barabarani walivyomcheka. Alikuwa anapima tu na kuandika, kama kazini.

Kisha akaeleza kushuka.

"Kuna siku nilimwita mume wangu atoke uani aje anipe maji. Kikombe kilikuwa juu ya stuli, hapa, karibu na mkono. Nilikuwa nakiona. Nilishindwa kukifikia. Akaja, akaninywesha, hakuuliza kitu."

Hiyo nilikuwa naikumbuka. Iliyofuata sikuijua.

Alisema kipindi kilekile, siku nyingine, alitoka nyumbani, akaenda kusimama kando ya reli, upande ule wa kupita stesheni, akisubiri treni. Hakuwa anasafiri. Alisema hivyo tu, "sikuwa nasafiri," na chumba kizima kikaelewa. Akiwa amesimama, akatokea mama mmoja mwenye kapu kubwa la njegere, akaliweka chini apumzike.

"Akanisalimu, kamwene dada, hebu nitwike. Nikamtwika. Mbele kidogo likamwelemea, akaomba nimtue, nikamtua. Nikamtwika tena. Tukaenda hivyo mpaka njia panda. Pale nikaona niko karibu na nyumbani, nikaingia ndani nikalala. Mume wangu alikuwa anapiga randa. Hakujua kama nilitoka."

Mwenyekiti alivua miwani. Akaifuta kwa muda mrefu.

"Asante, mama," akasema. "Sasa tumekuelewa."

Nje nilikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, nikamwuliza mbona hakuniambia habari ya reli.

"Ungeacha kazi ukakaa kunilinda," akasema. "Tungekula nini?"

Mimi mwanaume mzima nililia pale, mbele za watu, na mke wangu aliyeitwa mgonjwa ndiye aliyenipangusa kwa upande wa khanga. Tangu siku ile amenieleza mengi, na tumekubaliana yeye, mimi na daktari wake kwamba akianza kusikia ule uzito hatasubiri, atasema. Mara mbili amesema. Mara mbili tumekwenda hospitali mapema.

Nimemwomba ruhusa kuandika haya. Ameniambia, "Andika. Labda yupo mwingine amesimama pale."

Yule mama wa njegere simjui. Edina naye hakumbuki sura, anakumbuka kapu. Huenda yuko Kichiwa, huenda ni wa Igwachanya, huenda nimemuuzia stuli. Mama, popote ulipo, Mungu akutwike baraka na asikutue.

Sasa leo. Tulipigiwa simu juzi, asubuhi hii tukapanda kosta kwenda Njombe, ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Dada wa kaunta alimpa Edina mkono, akamwambia hongera, maombi yamepita, malipo yataanza kuingia. Edina hakutabasamu mara moja.

"Humo mmeniandika mlemavu?"

Yule dada akafikiri. Angeweza kujibu harakaharaka, foleni ilikuwa ndefu. "Mama, wewe ni mwanachama wetu, na unalipwa unachostahili," akasema. Edina akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi, ile sahihi yake ya kikarani yenye mkia mrefu.

Si utajiri. Fedha hizi hazitamponya. Lakini dawa zikiisha hospitali tutazinunua dukani bila kusubiri mteja wa kabati. Na karakana inaweza kufungwa mapema mtoto akirudi kutoka shuleni. Jumamosi tunakwenda Kichiwa kumchukua Lusia. Bibi yake ameshasema atalia, ila tusimjali.

Jambo moja la mwisho, halafu nilale.

Kutoka ofisini tulipita sokoni. Edina alisimama kwa muuza viazi, wakaanza kutaniana kwa Kibena, na mara akaangua kicheko, kikubwa, kile cha zamani cha kutupa kichwa nyuma. Watu wakageuka. Nami nikamkazia macho, nikaanza kuhesabu: jana amelala? Dawa amemeza? Anaongea haraka? Viazi anavyonunua si vingi mno? Ndivyo nilivyo siku hizi. Mke wangu hawezi kucheka nisimpime.

Akaniona.

"Hii ni furaha tu, Baba Lusia. Siyo ile."

"Utajuaje?" nikamwuliza. Sikuuliza kwa ubishi. Nilitaka kujua kweli.

Akachukua mfuko wa viazi, akanipa niubebe.

"Kwa sababu nimeona kwamba umeogopa. Nikiwa kule juu, huwa sikuoni."

Yuko jikoni sasa, anaongea na mama yake kwa simu kuhusu Jumamosi, nani alale wapi, Lusia amekuwa mrefu kiasi gani. Anacheka tena. Nimekaa hapa hapa kwenye kiti. Sijaenda kusikiliza mlangoni.